Mwaka wa Kijitabu cha Waranti

Mwezi uliopita, kwenye khitma ya Bi. Shekha, mama mmoja aliyekaa mkekani karibu nami aliniinamia akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na wewe mwenzetu, marehemu alikuwa nani wako?" Tulikuwa ukumbi wa juu wa nyumba yake ya Kariakoo, madirisha yote wazi, na kutoka chini zilipanda sauti za wauza mashuka na za wasukuma mikokoteni wakiomba njia. Wanawake waliotuzunguka walikuwa wajukuu, wakwe na majirani wa tangu zamani, kila mmoja akiwa na neno la kumwita. Mimi nikajibu, nikifuta machozi, "Nilikuwa nafanya kazi mahali alipopeleka gari lake." Yule mama akatikisa kichwa kwa adabu, lakini niliona hakuelewa. Mtu hamlilii mteja namna ile. Haikuwa nafasi ya kumweleza kwamba marehemu alinijia mara ya kwanza nikiwa na miaka ishirini na miwili, nikamkatalia jambo lililokuwa haki yake, naye badala ya kunigombeza akakaa kwenye benchi letu mpaka nikajifunza kusoma.

Nilikuwa nimeajiriwa kwa mkataba wa mwaka mmoja, karani wa waranti, katika kampuni iliyouza magari mapya na kuyatengeneza hapo hapo Gerezani, jirani na reli. Leo ukipita hapo kwa basi la mwendokasi huwezi hata kujua jengo lilisimama wapi. Watu wengi walinunua magari yaliyokwisha kutumika ng'ambo, kama ilivyo sasa, kwa hiyo aliyenunua jipya kabisa alikuwa mtu wa kutazamwa. Alikabidhiwa funguo mbili, kijitabu cha waranti na ahadi: gari likiharibika ndani ya miaka mitatu kwa kosa la kiwandani, kiwanda kitalitengeneza bure. Mimi ndiye niliyewekwa mlangoni mwa ahadi hiyo. Mteja alipoleta madai yake, nilikagua kijitabu cha sevisi, nikashuka kulitazama gari, nikapiga picha kifaa kilichoharibika, kisha nikaandika barua. Nyingine zilikwenda kiwandani kuomba kifaa kipya. Nyingine zilikwenda kwa mteja, kwa Kiingereza kilichonyooka, kumwambia hapana.

Ofisi yetu ilikuwa juu ya karakana, chumba cha mbao kilichosimama kwenye nguzo kama kichanja, na ngazi ya chuma iliyolia kila mtu alipopanda. Mlikuwa na meza mbili, feni moja iliyoelekezwa kwa bosi, na dirisha la kioo lililotazama mafundi chini. Ukuta wa upande wangu ulikuwa wa plaiwudi, na nyuma yake ndiko wateja walikosubiri, kwa hiyo siku nzima nilisikia mambo ambayo wasingeyasema mbele yangu. "Usimwambie kama tulifunga zile taa." "Ataziona, si macho anayo?" "Basi sema tulinunua nazo." Nilicheka peke yangu, nikafungua faili nikijua tayari jibu. Karani aliyenitangulia aliniachia karatasi iliyobandikwa ndani ya droo: springi zimeongezwa, kataa, taa za ziada, kataa, sevisi imefanywa nje, kataa, redio imebadilishwa, kataa. Nilikuwa na muhuri wa wino wa zambarau ulioandikwa IMEKATALIWA, na sitaficha, niliupenda. Ulinipa ukubwa ambao sikuwa nao mahali pengine popote. Watu wazima walinisubiri nimalize kusoma, wakiniangalia usoni, na mimi nilikuwa nasoma karatasi ya kwenye droo.

Bosi wangu aliitwa Bwana Naran, meneja wa karakana, Mhindi aliyezaliwa Upanga, mtu wa mashati ya mikono mifupi na kalamu tatu mfukoni. Saa saba kamili alifungua mkebe wake wa chuma wenye ngazi tatu: chapati nyembamba kama leso, dengu, na bamia au viazi kavu. Achari ya ndimu aliisukuma kwangu bila kusema neno, nami niliila na wali maharage nilioletewa na mama ntilie wa nyuma ya ukuta. Ijumaa nilijinunulia samaki wa kukaanga kutoka Feri, na siku hiyo yeye, asiyekula samaki wala nyama, alihamisha kiti chake karibu na dirisha, akaendelea kuzungumza nami kutoka huko huko. Mazungumzo yetu yalikuwa ya vyuma. "Chuma kina adabu, Mwanaidi," aliniambia. "Kinavunjika pale kilipoonewa. Ukitaka kujua nani mkosaji, tazama kilipovunjikia." Nilidhani ananisimulia hadithi za kazi. Alikuwa ananifundisha, ila mimi nilikuwa na muhuri.

Gari la Bi. Shekha lililetwa likivutwa kwa kamba. Lilikuwa pikapu jeupe, lenye mwaka mmoja na miezi kadhaa, alilokuwa akilitumia kupeleka majora ya vitambaa kwa wenye maduka wa Chalinze na Morogoro. Lilikuwa limechemsha karibu na Kibaha. Dereva alilizima mara tu aliposikia harufu, lakini maji yote yalikuwa yameshamwagika kutoka kwenye pampu ya maji, na injini ilikuwa imepata joto la kutosha kuharibika juu. Nilishuka na faili langu. Nikaona majani mawili ya springi yameongezwa kila upande nyuma ili libebe zaidi. Nikaona taa mbili kubwa mbele. Nikafungua kijitabu cha sevisi: mihuri miwili yetu, kisha kurasa tupu, kwa sababu sevisi zilizofuata zilifanywa na Fundi Rajabu, mwenye kibanda cha bati mtaa wa pili. Makosa matatu kwa gari moja. Sikukaa nalo hata robo saa.

Siku tatu baadaye ngazi ililia polepole, akaingia mwanamke wa makamo, mnene kidogo, amevaa buibui, mkononi ana chupa ya kahawa na kifuko cha tende. Familia yake ilitoka Hadhramaut, Yemen, enzi za mababu, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha Kariakoo tupu.

"Shikamoo, bi mkubwa," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeipata."

"Inasema madai yako yamekataliwa."

"Hilo nimesomewa. Nimekuja kujua kwa nini."

"Gari limebadilishwa, bi mkubwa. Limeongezwa springi na taa."

"Kitabu kinasema ukiongeza springi hawatengenezi pampu ya maji?"

"Ndiyo."

"Wapi?"

Nikamwonyesha kijitabu, nikafungua katikati bila kutazama ukurasa. Hakukitazama na yeye. Alinitazama mimi. "Nisomee," akasema.

"Kiko kwa Kiingereza."

"Si ndiyo nakwambia unisomee? Kiingereza unakijua, Kiswahili unakijua. Mimi sina pa kwenda, gari langu limelala kwenu." Akaenda kukaa kwenye benchi la nyuma ya plaiwudi, akajimiminia kahawa.

Nilimwacha huko siku ile na siku ya pili. Alikuja asubuhi, akaondoka adhana ya adhuhuri ilipokaribia. Hakupiga kelele. Alisalimiana na wateja wengine, akawagawia tende, akawauliza magari yao yana nini, na kupitia ukutani nikaanza kuyajua ya kwake pia. Wenye maduka wa Morogoro walikuwa wameanza kuagiza kwa mtu mwingine. Binti yake alikuwa akikodi gari la jirani, na jirani alikuwa ameanza kuchoka. Na Fundi Rajabu, nikamsikia akimwambia mama mmoja, alikuwa amepata jina baya mtaani, kwamba ameua gari jipya. Watu wawili waliokuwa wateja wake wa siku zote walikwisha kuyaondoa magari yao kibandani. "Mimi gari nitanunua jingine Mungu akipenda," alisema. "Yeye jina atalinunua wapi?"

Siku ya tatu nikamwita ndani nimsomee, ili yaishe. Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Ilichukua asubuhi tatu, kwa sababu Bi. Shekha hakukubali sentensi ipite kabla hajaielewa, na mimi niligundua kwamba jambo unaloliandika kila siku kwa Kiingereza linaweza kukushinda kabisa kulisema kwa lugha yako. Tulikwama mapema, kwenye maneno ya vitu vinavyochoka kwa kutumika.

"Uchakavu wa kawaida," nikajaribu.

"Kama kanga inavyopauka," akasema. "Mtu hawezi kunirudishia dukani kanga iliyopauka kwa kufuliwa."

"Ndiyo hivyo."

"Lakini ikichuja rangi mara ya kwanza kufuliwa?"

"Hiyo ni kosa la kiwanda."

"Naam. Hapo nalipa mimi, na mimi namdai aliyeniuzia. Endelea."

Asubuhi ya tatu tukafika kwenye ukurasa wa mabadiliko. Nikaanza kwa haraka, kama mtu anayekijua kifungu kwa moyo, naye akaniinulia kidole. "Ngoja kwanza. Mtu kanunua kanga kwangu, kaenda kuishona gauni. Kaifua, imechuja. Nitamwambia kwamba imechuja kwa sababu ameishona?"

Nikafungua mdomo kusema kwamba magari si kanga. Kisha nikatazama mstari ule upya, nikautafsiri neno baada ya neno, nikisikia sauti yangu mwenyewe: "Dhamana hii haihusu uharibifu... uliosababishwa na... ubadilishaji wa gari." Kwa miezi mitano nilikuwa nasema dhamana haihusu gari lililobadilishwa. Maneno yale mawili ya katikati nilikuwa nayaruka kama mtu anavyoruka kidimbwi. Nikageuza ukurasa wa sevisi. Kijitabu kilitaka sevisi ifanyike kwa wakati, kwa oili na filta zinazofaa, na mwenye gari atunze ushahidi. Hakikusema popote kwamba lazima iwe kwetu. Nilihisi masikio yananiwaka. Nilijua Bi. Shekha ameona. Ningekuwa mimi ningecheka, au ningelia. Yeye alinimiminia kahawa kwenye kile kifuniko cha chupa, akanisogezea.

"Kunywa kwanza," akasema. "Halafu utaniambia tunafanyaje."

Nimefikiri mara nyingi kwa nini sikufunga kijitabu nikamwambia aende nyumbani. Mkataba wangu ulikuwa wa mwaka mmoja, na karani anayekwenda kumwambia bosi kwamba amekuwa akikosea kwa miezi mitano hatarajii kuongezewa wa pili. Nadhani ni ile kahawa. Mtu akikutendea wema wakati umeshikwa na kosa, ni vigumu kuendelea nalo.

Bwana Naran alisoma ukurasa mara mbili, akavua miwani. "Nani alikwambia ukatae kwa ajili ya springi?" Nikamletea karatasi ya kwenye droo. Akaisoma yote. "Mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia yule wa kabla yako. Yalikuja magari mengi yaliyovunjika ekseli kwa kupakiwa kupita kiasi, nikamwambia, ukiona springi zimeongezwa, kataa ya ekseli. Yeye akaandika kataa. Mimi sikutazama tena." Akaikunja karatasi, akaitia kwenye ndoo ya taka. "Lakini sikiliza, binti. Kusikilizwa si kushinda. Mkaguzi wa kiwanda atauliza jambo la kwanza temostati iko wapi."

Hilo nililijua. Temostati ni kidude kidogo kinachozuia na kuruhusu maji yazunguke kulingana na joto la injini. Mafundi wengi wa mtaani waliamini kwamba ndicho kinachochemsha magari kwenye joto la Dar, wakawa wanakitoa na kukitupa. Kiwanda kikikuta hakipo, na injini imechemsha, hapo "uliosababishwa na" ingegeuka kutuchoma sisi, na hatukuruhusiwa kufungua injini kabla mkaguzi hajafika.

Tukaenda wote wawili kwa Fundi Rajabu, kwa miguu. Nilijua Bwana Naran hajawahi kuingia vile vibanda, maana alitembea akishika kalamu zake. Fundi Rajabu alitoka chini ya gari, mtu mwembamba wa miaka kama arobaini, akafuta mikono. Hakutukaribisha viti.

"Shikamoo, mzee. Mmekuja kuniona muuaji?"

"Marahaba. Nimekuja kukuuliza. Springi uliongeza wewe?"

"Mimi. Na nilimwambia mama, hizi zitakuwezesha kubeba, lakini ekseli haijui kwamba umeongeza springi. Sifichi."

"Temostati?"

"Sikuitoa."

"Wote wanasema hivyo."

"Wote si mimi. Fungueni." Akaingia ndani, akatoka na daftari la shule lililojaa mafuta. Kila gari lilikuwa na ukurasa wake: siku, kilomita, aina ya oili, na pembeni, vimebandikwa kwa gundi, vipande vya maboksi ya filta alizofunga. Bwana Naran alilishika daftari lile kwa vidole viwili mwanzoni, kwa sababu ya mafuta. Baada ya kurasa chache alikuwa amelilaza kwenye kiganja kizima. "Karakana yangu haina kitu kama hiki," akaniambia tulipokuwa tunarudi, kwa sauti ya mtu aliyeudhika.

Mkaguzi wa kiwanda alifika baada ya wiki nyingi za barua. Alikuwa mgeni mpole asiyejua neno la Kiswahili, na ikaniangukia mimi kusimama katikati. Bwana Naran aliagiza Fundi Rajabu aitwe, akaja amevaa shati la kupigwa pasi, akasimama mbali kidogo na mafundi wetu ambao walikuwa wakimtazama kwa pembe za macho. Bi. Shekha aliletewa kiti. Mkaguzi akauliza lile swali tulilolijua, nikalitafsiri. Fundi wetu akalegeza boliti ya kwanza ya kifuniko cha temostati, kisha ya pili. Kifuniko kilikuwa kimegandana, akakigonga kidogo kwa mpini wa bisibisi. Sikuweza kutazama, nikamtazama Fundi Rajabu. Yeye alikuwa ametulia kama mtu anayesubiri chai. Kifuniko kikatoka. Ndani yake, imekaa pale pale ilipowekwa kiwandani, ikiwa na alama ya kiwanda, ilikuwepo temostati.

"Mambo?" Fundi Rajabu akamwambia fundi wetu mmoja, kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana, na karakana ikapasuka kwa kicheko.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Pampu ya maji ilipotolewa, mkaguzi alishika mhimili wake ukacheza mkononi mwake kama jino bovu. Beringi ya ndani ilikuwa na kasoro tangu siku iliyotengenezwa. Alisoma daftari nikimtafsiria, akaomba lipigwe picha. Kisha akalala chali chini ya pikapu, akatoka na kusema beringi za ekseli ya nyuma zimelika kwa uzito, na hizo kiwanda hakitazigusa. Nikamgeukia Bi. Shekha kumweleza, nikiogopa kidogo.

"Pampu na injini ni zao," akasema. "Ekseli ni ya springi zangu. Ni sawa. Cha kwangu nimekipata, kisicho changu sikitaki." Nilipomtafsiria, mkaguzi alisimama akampa mkono, na Bi. Shekha, ambaye hakupeana mkono na wanaume, akaweka wake kifuani na kumtabasamia. Hilo halikuhitaji mkalimani.

Yale majalada mengine niliyoyapiga muhuri niliyapandisha mezani mwenyewe. Bwana Naran alitazama rundo, akasema, "Leta moja moja." Tulikula juu yake kwa wiki tatu, achari upande huu, faili upande ule. Mengi yalikuwa yamekataliwa kwa haki, na hilo lilinishangaza na kunifariji. Manne hayakuwa hivyo. Watatu tuliwapata, magari yakatengenezwa, mmoja wao akanitukana kwanza ndipo akanishukuru. Wa nne alikuwa mwalimu aliyekuwa na gari dogo la kijani. Alikwisha kuliuza kwa hasara na kuhama, na barua yetu ilirudi bila kufunguliwa. Nimekuwa na maisha mazuri, lakini bado namkumbuka kwa jina lake kamili.

Karatasi ya Kiswahili ya kubandika ukutani walikosubiri wateja ilikuwa wazo la Bwana Naran, ila iliandikiwa dukani kwa Bi. Shekha, mimi nikiwa nimekaa juu ya majora na haluwa ikiwa mbele yetu. Ilikuwa ukurasa mmoja tu: nini kiwanda kinatengeneza, nini hakitengenezi, nini mwenye gari atunze. Fundi Rajabu, ambaye wateja wake walikuwa wamerudi na kuleta wengine, alipita jioni akitoka kazini kupinga maneno yangu. "'Vilainishi' ndiyo nini? Andika oili." Nikaandika oili. Bi. Shekha alitaka kila sentensi isomwe kwa sauti, na aliposema "hapo pana mtego," tulianza upya. Sikujua kwamba nimeshapata kazi ya maisha yangu. Tangu hapo nimetafsiri maelekezo ya dawa, ya mbegu, ya pampu za visima, na kila nikifika mahali ninapotaka kuruka neno, huwa nasimama.

Mkataba wangu haukuongezwa, kwa sababu kampuni ilipunguza watu, si kwa sababu ya lile. Wiki yangu ya mwisho tulikuwa tunakula, Bwana Naran na mimi, niliposikia nyuma ya plaiwudi mwanamume akisoma kwa sauti, taratibu, kama anayefuatisha kwa kidole. Alisoma ukurasa wote, akarudia sehemu moja. Mkewe akamwambia, "Twende basi." Wakaingia. Mwanamume hakunitazama hata kidogo, alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya bosi.

"Mzee, redio nilibadilisha mimi, sikatai," akasema. "Lakini kinachovuja ni stelingi. Hapo nje mmeandika 'uliosababishwa na'. Sasa nieleze, redio imesababisha vipi stelingi kuvuja?"

Bwana Naran alitafuna mpaka akameza. "Haijasababisha," akasema. "Lete funguo." Akafunika mkebe wake kabla ya kumaliza, akashuka ngazi na yule bwana na mkewe kwenda kulitazama gari, na mimi nikaendelea na wali wangu.